Niliifuta Sauti ya Kogo, Nikamtwika Wekesa

Mkosaji ni mimi. Si virusi, si stima, si Wekesa. Ni mimi na mkono wangu huu ulioshika mausi. Nakuambia wewe usiyenijua kwa sababu nimechoka kukaa na kosa hili.

Mimi ndiye kifungua mimba kwetu. Wazazi walipofariki niliacha shule kidato cha pili nikamlea ndugu yangu Kibet, ambaye hakuwa hata amejifunza kutembea. Nimefua nguo za watu, nimepalilia mahindi ya watu kule Burnt Forest, mpaka nikapata saiba yangu ndogo hapa Kapsoya. Naprinti, nachapa, natengeneza kompyuta.

Kutengeneza sikusomea. Aliyeniuzia mashine za kwanza aliniachia programu moja kwenye flashi, ya kusafisha na kurekebisha mipangilio ya kompyuta. Unabonyeza, inazunguka, inaleta makosa chungu nzima, yote mekundu. Unabonyeza tena, yanakuwa kijani. Wateja waliipenda!

“Mama Saiba, kumbe ilikuwa mgonjwa hivi?”

“Ungechelewa kidogo tungeizika,” nilikuwa nawajibu.

Ukweli ni kwamba sikujua yale mekundu ni nini. Hata kompyuta mpya kutoka dukani ilileta mekundu. Niliona hilo nikanyamaza, maana watu walikuwa wanalipia ile rangi. Niliwadanganya hadi mimi mwenyewe nikaamini.

Kibet akaingia chuo. Mradi wake wa mwisho ulikuwa kurekodi wazee wakieleza maisha ya zamani. Alianza na Kogo, nyanya yetu mzaa mama, kule Timboroa. Nilikuwa jikoni nachemsha chai nikamsikia Kogo akimweleza jinsi mama yetu alivyokuwa, alivyocheka, na wimbo aliomwimbia Kibet akimbembeleza. Akauimba wote. Kibet hana kumbukumbu hata moja ya mama. Siku hiyo alizihamisha sauti kutoka simu hadi laptop yake, akaibeba kama yai.

Mvua zilipoanza, Kogo akafariki.

Wiki ya kuwasilisha mradi, laptop ikawa nzito, kila kitu kinafunguka polepole. Akaniletea.

“Dada, ifanye tu iwe fasta kidogo. Lakini sauti zote ziko humo, kwa simu nilizifuta ilipojaa. Wekesa ameniambia nizikopi kwanza.”

Wekesa ni rafiki yake, walikuwa wanaishi chumba kimoja.

“Fundi ni Wekesa ama ni mimi?”

Akacheka. “Ni wewe, bosi.”

Ole wangu! Nikabonyeza. Mekundu yakaja mengi, nikafuta yote. Nilipoizima na kuiwasha, ikakataa. Skrini nyeusi na mstari mmoja wa Kiingereza. Nikajaribu tena na tena. Watu mlangoni wanaita, wanataka kuprinti, na mimi nilijua dawa moja tu. Nikaifomati, nikaiwekea mfumo mpya.

Ikawaka haraka, safi kabisa. Ndani hakuna kitu. Nilitafuta kila mahali. Hakuna Kogo. Hakuna mama.

Kibet aliporudi niliuona uso wake nikaogopa.

“Ilikuwa na virusi,” nikasema. “Uliingiza flashi ya nani?”

“Ya Wekesa peke yake.”

“Basi ni hiyo.”

Maneno matatu tu! Aliiacha laptop mezani akatoka bila kuaga. Nilikuja kusikia kwamba alimvaa Wekesa mbele ya wenzao, akamwambia amemuua mama yake mara ya pili. Wekesa alihama chumba. Kibet akarudia mwaka.

Mimi nikaipeleka laptop kwa fundi mjini, kisirisiri, nikamweleza nilichofanya. Akatikisa kichwa.

“Mama, ulichoharibu kwanza ni mipangilio tu. Sauti zilikuwa salama kwa diski. Ungeitoa ukaichomeka kwa kompyuta ingine, ungezipata zote. Sasa umeandika mambo mapya juu yake.”

Aliokoa faili moja. Ukiifungua, Kogo anakohoa, anataja jina la mama, inakatika.

Faili hiyo ndiyo iliyonishinda. Ningempa Kibet vipi bila kusema ilikotoka? Jumapili iliyopita nilimwita nyumbani nikamwambia. Hakupiga kelele. Heri angepiga! Aliisikiliza ile faili, akairudia, kisha akaweka simu yake mezani mbele yangu na kuanza kurekodi.

“Wewe ulimjua mama. Ongea.”

“Mama alikuwa mrefu, na alipenda...”

“Hapana. Anza na laptop. Wekesa lazima asikie.”

Nikaanza na laptop. Nilipomaliza alichukua simu akaenda. Wekesa ametumiwa rekodi hiyo, hajajibu. Habari za mama bado hatujazifikia. Kila jioni najaribu kuukumbuka ule wimbo. Mwanzo ninao. Kilichobaki alikuwa nacho Kogo.

Ile programu nimeitoa kwenye mashine zote. Mteja akiuliza mekundu yameenda wapi, namwambia sikuwahi kuyaelewa. Wengine wameenda kwa jirani.

Kompyuta yako ikiwa polepole, iache iwe polepole hadi utakapokopi vitu vyako. Usikubali mtu akutishe kwa rangi. Nawe fundi mwenzangu, usifute usichokijua! Na ukishaharibu, usitafute jina la mtu mwingine. Sema saa hiyo hiyo, mtu wako akiwa bado mlangoni.