Dainamo ya Pashko

Watu wa mtaa wetu hapa mjini Shkodra wakimsifu Pashko mbele yangu, mate hunijaa mdomoni, na si ya hamu.

Mkewe, Drande, ni fundi cherehani. Majira yale ya baridi umeme ulikuwa ukikatika kila siku jua likianza kuzama, na ukirudi, watu wamelala. Jumamosi jioni gauni la harusi la binti yangu Vitore lilikuwa bado mezani kwake, mikono haijaungwa, na harusi ni Jumapili. Kwetu siku ya bibi harusi ikishapangwa haisogezwi, hata afe mtu.

Cherehani ya Drande ni ya miguu, haina haja na umeme. Macho yake ndiyo yenye haja. Mshumaa alishaujaribu, ukadondoshea satini nta. Basi akaingiza baiskeli ya Pashko chumbani, akaisimamisha kwa stendi yake gurudumu la nyuma likaning'inia, akavuta waya kutoka kwenye dainamo inayozungushwa na tairi mpaka kwenye kitaa alichokifunga juu ya sindano. Akawa anatafuta mtu wa kupiga pedali.

Alimwomba mumewe. Mwanamume mzima, mapaja kama magogo, kazi hana, akasema hawezi kukalia baiskeli isiyokwenda popote kwa ajili ya mambo ya wanawake; watu wakimwona dirishani je? Akajinyoosha kwenye kochi, akachokonoa meno kwa kucha, akakitazama alichokipata, akakirudisha mdomoni. Ptuu! Nikapanda mimi, na makalio yangu haya na magoti yangu mabovu. Jasho likanitiririka, lakini kitaa kikawaka vizuri kabisa, na Drande akaanza kuunga mkono wa kushoto.

Ndipo Ndue wa mkahawani akapita, akachungulia dirishani, akamwuliza Pashko hawa wanawake wanasafiri kwenda wapi na baiskeli yake. Utani tu. Pashko akainuka kochini uso umemwiva, akaibandua dainamo kwenye tairi. Kitaa kikazima. Miguu ya Drande ilikuwa bado inakanyaga. Sindano ikapita kwenye ukucha wake, ikatokea upande wa pili.

Na yule bwana? Akamwambia mkewe, "Si ungeangalia." Kisha akaikokota baiskeli yake akaenda zake kunywa kahawa.

Kulipokucha Drande alimalizia gauni huku kidole kimevimba, akashona ua juu ya doa la damu. Kidole kile hakikunjiki mpaka leo, naye kazi za satini hapokei tena.

Harusini Pashko alisimama na glasi yake ya raki, pombe yetu kali, akawaeleza wageni jinsi alivyopiga pedali mpaka miguu ikafa ganzi, ili mtoto wa jirani asiolewe bila gauni. Wakampigia makofi, wengine machozi yakiwalengalenga. Mtu mmoja akamgeukia Drande, naye akasema ni kweli, mume wangu alinisaidia sana. Nyama niliyokuwa natafuna niliitema kwenye kitambaa.

Nilimfuata Drande jikoni. Nikamwuliza kama ana akili timamu, mbona amemvisha taji mtu yule mchafu mbele ya ukoo mzima.

Alikuwa anapanga sahani, hakugeuka. "Mama Vitore," akasema, "ulitaka niwatangazie wote wale kwamba nimezeekea kitandani mwa mtu wa namna ile?"