Orodha ya Biblia Niliyoivuta na Tumbaku

Mnisamehe kwa mwandiko unaolala upande na kwa maneno niliyoyakosea. Niliishia mwaka wa sita wa primere, shule ya msingi, na mstari mmoja unanichukua muda wa kupepeta mchele. Lakini kuandika ni rahisi kwangu kuliko kusema. Mbele ya watu sauti yangu hujificha, na kama isingejificha siku ile, habari hii isingekuwako.

Tulikaa Mbunya. Baba alikuwa fundi wa viatu na mzee wa kanisa la Waprotestanti, na kila ubishi aliumaliza kwa swali moja: "Imeandikwa wapi?" Mama alizaliwa Mkatoliki, akageuka Mprotestanti alipoolewa. Kaka yake, mjomba wangu, alikuwa katekista huko Shari. Naye alikuwa na jibu lake: "Kanisa lilikuwako mbele ya kitabu." Kila Jumapili mchana alikuja na baiskeli kula sombe, majani ya muhogo, kwetu, na wale wawili walibishana mpaka sahani zikauke. Ubatizo wa watoto wadogo ulitoka wapi? Na rozari? Na Papa? Nadhani walipendana sana, maana sombe hata kwa mjomba ilipikwa.

Halafu bibi, mama yake mama, akafa. Alikufa Mkatoliki. Siku arobaini zilipokaribia, mama alitaka asomewe Misa ya kumwombea. Hakuomba kitu kingine. Baba akakataa. Alisema mtu akifa habari yake imekwisha mbele ya Mungu, na ile toharani wanayosema roho husafishwa ndani yake, wanadamu waliitunga tu. Mama alianza kupika bila chumvi, na wote tulikula hivyo hivyo.

Hapa lazima niseme jambo langu. Mwaka ule nilikuwa nimejifunza kuvuta tumbaku nyuma ya choo. Karatasi ya daftari inakwaruza koo. Ya Biblia ni nyembamba, inawaka polepole. Kuchana Neno la Mungu niliogopa, basi nikatafuta karatasi ambayo hakuna nabii aliyeiandika. Niliipata mwanzoni kabisa mwa Biblia ya baba: orodha ya vitabu, majina na namba za kurasa tu. Niliivuta kwa siku mbili. Dhamiri yangu haikukohoa hata mara moja. Mimi ndiye niliyekohoa.

Jumapili iliyofuata mjomba alifika na Biblia yake nene chini ya kwapa.

"Shemeji," alisema hata kabla ya kunawa mikono, "kila siku unauliza wapi; leo ninakuletea fasi iliandikwa."

Akafungua kitabu cha pili cha Wamakabayo, akasoma habari ya watu waliotoa sadaka kwa ajili ya askari wao waliokufa. "Basi! Banaombea wafu ao hapana?"

"Hiyo kitabu haiko mu Biblia," baba alisema.

"Haiko mu yako. Mulikitoa."

"Siye? Ninyi ndio muliongeza!"

"Tutajua namna gani, shemeji?"

"Orodha iko mbele, tusome." Baba alisimama kuichukua Biblia yake. "Kama jina ya hiyo kitabu iko mu orodha, miye mwenyewe nitaenda kwa padri kuomba Misa. Kama haiko, habari ya Misa imekwisha mu hii nyumba."

Mama aliacha kuchambua maharage. Mimi nilisogea karibu na mlango.

Baba alifunua jalada, akakuta Mwanzo. Akafunga, akafungua tena taratibu, kama mtu anayempa mwizi nafasi ya kurudisha. Zilibaki ncha mbili zilizochanika karibu na uzi.

Mjomba aliinama akazigusa kwa kidole. "Eee, shemeji! Hata orodha mulificha? Kama orodha inaweza kutoka, Wamakabayo nao hawakutoka vilevile?"

Baba hakukubali. Alikuwa na wimbo wa vitabu vyote aliojifunza utotoni, akauimba pale pale amesimama, vitabu sitini na sita, kutoka Mwanzo mpaka Ufunuo, jasho likimtoka.

"Umeimba muzuri," mjomba alisema. "Iliandikwa wapi?"

"Nilifundishwa na muzee wetu! Naye alifundishwa na misionere!"

"Ah bon! Mulipokea kwa kinywa. Siye tunaita hiyo mapokeo. Karibu kwetu, shemeji."

Baba akanigeukia. "Nani alipasua hii karatasi?"

"Panya," mama alisema, macho kwenye maharage.

Nilifungua mdomo. Nikisema, kuna ukanda wa ngozi ya viatu ukutani, na baba atakuwa ameshinda, na mama hatapata Misa yake. Nikafunga mdomo. Sijui kama nilimhurumia mama ao mgongo wangu. Siku ile vyote viwili vilienda njia moja.

"Uende kwa pasta akuazime ya kwake," mjomba alisema kwa upole mwingi.

Niliona baba akijipima atakavyomwambia pasta kwamba Biblia ya mzee wa kanisa imeliwa na panya. Alikaa chini.

"Bon. Misa moja. Lakini sipigi magoti."

Hakupiga. Alivaa koti lake, akasimama mlangoni mwa kanisa kama mtu anayengoja mvua ipite. Padri alipotaja jina la bibi, mama alilia, mara ya kwanza tangu mazishi, akalia mpaka akashiba. Tulipokuwa njiani kurudi alinishika bega. "Acha tumbaku," alisema.

Mpaka leo baba hajui. Kwetu tunafundishwa kuungama kwa Mungu moja kwa moja. Nimejaribu, lakini kila mara naona uso wa mama kwenye ile Misa, na majuto yanakataa kuja. Mjomba anasema tuungame kwa padri, lakini nitamwambiaje padri kwamba natubu Misa yake mwenyewe? Ndiyo maana nimeungama kwenu. Mwenye kujua kama ungamo la namna hii linahesabika, na lilitoka wapi, aniandikie. Msimwandikie baba.