Moshi Ulioshuka kutoka Darini

Siku moja kabla ya vurugu nilisimama mikono juu, kama mateka, katika chumba cha Likwata, naye akinizungushia futi kiunoni. Likwata alikuwa fundi cherehani kutoka Lindi, mpangaji wa shangazi yangu kwa miaka kumi na minane, na hakuwahi kushona nguo bila kumtukana mwenye nguo kidogo.

"Profesa," alisema, ingawa mimi si profesa na dalili zote ni kwamba sitakuwa, "kiuno hiki kimepanda cheo. Suruali ya zamani wagawie masikini wawili."

"Shona, acha maneno."

"Nashona. Ila kitambaa kikiisha, mguu mmoja utakuwa kaptula."

Shangazi Mwanaidi, aliyekuwa akichagua mchele ukumbini, alicheka mpaka akachanganya pumba na punje.

Nyumba yake ilikuwa ya Kiswahili, mojawapo ya chache zilizokuwa zimebaki Kariakoo, imebanwa na maghorofa kulia na kushoto. Ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, uani nyuma. Chumba cha kwanza, kinachotazama barabara, alimkodisha mfanyabiashara aliyekijaza ndala na magodoro. Likwata alikaa cha mwisho, karibu na uani, mkabala na chumba cha shangazi. Kuta za ndani zilifika kwenye dari ya mbao tu. Juu yake, chini ya bati, palikuwa na nafasi moja isiyogawanywa, kutoka mbele hadi nyuma. Tulipokuwa watoto tulisikia panya wakiipita yote kwa mbio moja.

Kesho yake nilirudi kujaribu suruali. Saa nne asubuhi tukasikia milipuko upande wa Msimbazi, kisha milango ya maduka ikashushwa mtaa mzima, mmoja baada ya mwingine. Siku zile tatu za vurugu zimeelezwa na watu wenye taarifa kuliko mimi: nani alianza, nani alijibu. Mimi niliona ukumbi mmoja.

Mabomu ya machozi yalipoanza kuanguka barabarani, wote wawili walinitazama. Mimi ndiye niliyesoma. Ujuzi wangu wote wa vita ulitokana na mgomo mmoja wa chuo kikuu, uliohusu wali, lakini nilikuwa nimeusimulia mara nyingi na kila mwaka ulizidi kuwa mkali.

"Fungeni madirisha," niliamuru. "Lowesheni khanga, zibeni chini ya milango. Kila mtu chumbani kwake, alale chini."

Likwata hakupenda. "Mimi ningekaa uani, profesa. Nje ni nje."

"Uani ndiko gesi itakakotua. Utapofuka."

Alikuna kidevu. Kisha akachukua khanga mbichi kutoka mkononi mwa shangazi, akaingia chumbani kwake, na tukamsikia akiziba.

Mimi na shangazi tulilala sakafuni chumbani mwake. Macho yaliwasha, kisha yakapoa. Milipuko ikahamia mbali. Saa nane mchana palikuwa kimya kiasi kwamba nilijisifu moyoni.

Ndipo Likwata alipoita kutoka ng'ambo ya ukumbi. Hakuwa na hofu. Alikuwa kama mtu anayelalamikia mapishi.

"Profesa, huu moshi wa kwangu unashuka kutoka juu, wala hauwashi macho."

"Ni upepo tu. Lala chini, utapita."

"Haya."

Gesi ya mabomu hutambaa chini na kuuma macho. Hilo nililijua. Ule wa kwake ulitoka juu na haukuwa umemuuma. Hilo pia nililisikia kwa masikio yangu. Kati ya mambo hayo mawili palitakiwa wazo moja tu, nami sikuwa nalo.

Dakika chache baadaye shangazi alinusa. "Hii ni harufu ya ndala," alisema.

Nilitazama juu. Moshi ulikuwa ukipenya kwenye maungio ya mbao, taratibu, kama maji yanayovuja, ila haukudondoka. Ulijikusanya chini ya dari na kutanda, sawa kabisa, mpaka ikawa kama chumba kina dari ya pili, ya rangi ya kahawia. Dari hiyo ilikuwa ikishuka. Ilimeza sehemu ya juu ya pazia. Chini yake hewa ilikuwa safi, nikaona hata nyuzi za mkeka.

Mpaka leo hatujui ni kitu gani kiliingia kwenye tundu la hewa la chumba cha mbele kikawasha moto.

Nilivuta khanga, nikafungua mlango. Ukumbi ulikuwa umekatwa nusu: juu giza, chini mchana. Kule mbele, kwenye mlango wa magodoro, moshi ulitoka chini ya ubao, ukasita, ukavutwa tena ndani. Ukatoka. Ukarudi. Hapakuwa na mwali wala mlio. Mlango ulikuwa unapumua.

Shangazi alitambaa kuelekea uani. Mimi nilitambaa hadi kwa Likwata.

"Likwata! Toka, nyumba inaungua!"

Komeo halikuwa limefungwa. Nilisukuma. Mlango ulifunguka upana wa vidole vitatu, ukakwama kwenye khanga, na nyuma ya khanga palikuwa na kitu kizito. Kila niliposukuma kilisogea kidogo.

Kisha kilirudi.

Niliingiza mkono. Nilishika shati.

Mlango wa magodoro ulipasuka. Moto haukuja sakafuni. Ulikuja ndani ya moshi, juu ya kichwa changu, ndimi za rangi ya chungwa zikikimbia kuelekea kwangu bila kelele. Nywele zilinuka kabla sijahisi joto.

Niliachia shati.

Wanaume wa ghorofa la jirani walinivuta uani. Likwata walimtoa jioni. Hakuwa ameungua popote. Walimkuta amelala kifudifudi, mdomo kwenye ufa wa mlango, mahali pale pale nilipomwambia azibe.

Dada yake, Somoe, alifika kutoka Lindi siku ya nne. Shangazi alimpokea kwa jamaa, Magomeni, tulikohamia. Somoe aliuliza kwa upole kwa nini kaka yake hakutoka, ilhali uani ni hatua tano tu. Shangazi alianza, "Mwanangu, ajali ni..." nikamkatiza. Nilimweleza yote: khanga, uani, moshi kutoka juu, nilivyomjibu, shati.

Aliikunja na kuikunjua ncha ya ushungi wake.

"Kaka hakuwa mtu wa kusikiliza mtu," alisema. "Baba alimshindwa. Mkewe alimshindwa. Wewe alikusikiliza."

Alisema kama anayenipa heshima ya marehemu nimtunzie. Nadhani ndivyo alivyokusudia.