Salamu Mlangoni mwa Mkutano

Sogea karibu nikueleze taratibu, maana jambo hili watu hulisikia redioni kwa maneno makubwa, wakadhani haliwahusu. Nchi mbili zinapobishana kuhusu nani aingie kwenye mkutano wa biashara, kuna mtu anayebaki nje. Mimi mmoja wao namjua. Ni mama yangu mdogo wa Matongo, mjane wa baba mdogo.

Alizaliwa Kenya, akaolewa huku Tanzania. Kwa sisi Wakurya hilo si jambo la ajabu. Ukoo wake uko pande zote mbili za mpaka, na miaka yote alivusha wimbi, huo ulezi wetu, pale mpakani Sirari kuwauzia ndugu zake. Halafu nafaka ikazuiwa kuvuka mpaka. Wimbi lake na la kina mama wenzake likafungiwa kwenye banda la mpakani, mvua zimeanza na bati linavuja. Kwake hilo ndilo lilikuwa chakula, na ndilo lilikuwa shule ya binti yake.

Ikatangazwa kwamba mkutano wa nchi za ukanda wetu utafanyika Tarime mjini, na mfanyabiashara mdogo mmoja wa mpakani atapewa nafasi ya kusema. Kina mama wakamchagua yeye. Kiswahili chake ni cha shida, kwa hiyo mimi, mwalimu, nikawa mkalimani.

"Mura, kijana wangu, usipambe maneno yangu," aliniambia tulipokuwa tunashuka kwenye bodaboda. "Nikisema linaoza, sema linaoza. Usiwaambie lina changamoto."

"Nitasema linaoza, mama."

Tulikuta ukumbi haujafunguliwa. Wajumbe wa nchi mbili walikuwa wakibishana tangu asubuhi, kila upande ukidai mwenzake amechomeka watu wa ziada ili apate sauti nyingi. Mwishowe wakakubaliana kwamba mjumbe yeyote anayetiliwa shaka atoke.

Tukiwa mlangoni, akapita mzee wa ujumbe wa Kenya, anaongea Kikurya kwenye simu. Sasa elewa hili: kwetu humpiti mzee wa namna hiyo bila kumwambia wewe ni binti wa nani. Ni kumdharau. Mama mdogo akainama kidogo.

"Shikamoo, tata," akasema, yaani baba. Akamtajia baba yake na ukoo wake.

Mzee akacheka kwa sauti. "Kumbe binti yetu! Baba yako nimechunga naye. Hawa Watanzania walikuiba lini?"

"Hawakuniiba, tata. Ng'ombe wao wa mahari mliwala wenyewe."

Kiongozi wa ujumbe wetu alikuwa nyuma yangu. Hakucheka.

"Mwalimu, huyu ni wa kwao?"

Nikamweleza polepole: ameolewa huku, kitambulisho chake ni cha huku, wimbi limelimwa Matongo.

"Nimekuelewa. Lakini kila mtu amesikia 'binti yetu'. Tukimwingiza, na wao watarudisha wale tuliowatoa."

Mzee akarudi kueleza kwamba ile ilikuwa salamu tu. Wenzake wakamwambia anyamaze, kwani huyo mama hayumo kwenye orodha yao pia. Wajumbe wakaingia, mlango ukafungwa. Nilipoomba niingie peke yangu, askari akaniuliza, "Mkalimani wa nani?"

Tulikaa kwenye ngazi mpaka walipotoka kula. Baadaye tulisikia kwamba kiti cha mfanyabiashara wa mpakani kilikaa wazi, na habari ya banda haikutajwa.

Banda lilipofunguliwa, mama mdogo aliingiza mkono kwenye gunia, ukatoka na bonge la wimbi lenye joto na mizizi. Wimbi lililoota vizuri hukaushwa likawa kimea. Hili lilikuwa limeota na kuoza; ng'ombe walinusa, wakaondoka. Muhula uliofuata binti yake alibaki nyumbani.

Bado huniuliza kama alipaswa kumpita yule mzee kimya. Namwambia hapana, alisalimia inavyopasa.

Nawe usiache kwenda kwenye mikutano hiyo. Ila mkichagua mtu wa kuwasemea, mchagueni na wa pili, mwombeeni naye ruhusa ya kuingia, na mumfundishe habari yote kabla hawajaondoka nyumbani.