Nyanya za Uzi Mwekundu

Jana jioni nilivunja kwa bahati mbaya tawi la mnyanya kibarazani kwangu, na ile harufu ikanishika. Mnaijua. Ni kali, ina uchungu kidogo, na ukishaigusa inabaki vidoleni hata ukinawa kwa sabuni mara mbili. Wengine hawaipendi. Mimi ikinifikia tu nina miaka kumi tena, nimechuchumaa nyuma ya bafu la jirani kule Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, kichungio cha chai mkononi, nachota tope. Nitawaeleza nilikuwa natafuta nini, ila msinicheke kabla sijamaliza.

Tulikaa, mimi na mama yangu, katika vyumba viwili vya kupanga ndani ya uwanja wa familia nne. Uwanja wote ulikuwa wa saruji, na mwenye nyumba hakutaka kuona mtu akichimba hata kishimo cha kuchezea gololi. Jua lilifika kwenye ukuta mmoja tu, kuanzia saa tatu mpaka saa kumi hivi, likisogea, na hapo ndipo Mama alipopanga bustani yake. Bustani yenyewe ilikuwa makopo makubwa ya nyanya ya kusaga, yale ya madukani. Kila kopo lilikuwa na picha ya nyanya nene inayong'aa, na ndani yake mmea wetu mwembamba, kama vile umewekewa mfano wa kufuata. Kila kopo Mama alilitoboa matundu mawili juu, akalifunga mkono wa waya. Niliamini mikono ile ilikuwa ya kuhamishia makopo kufuata jua, kwa sababu ndiyo kazi niliyoifanya kila siku nikirudi shuleni.

Mama alivuka mpaka kutoka Uvira, Kongo, mimi nikiwa mgongoni. Kabla ya hapo alikuwa amesoma kilimo miaka miwili, na alikuwa na shamba la nyanya upande ule wa mto Ruzizi. Nyanya zilikuwa zimeiva siku alipoondoka. Jambo hilo alilisema mara moja tu mbele yangu, haraka, akipepeta mchele.

Hapa Bujumbura alipata kazi ya kupika na kufua kwa wageni huko Kinindo. Kwenye veranda ya nyumba hiyo kulikuwa na mnyanya wa mapambo, mfupi, usiozidi shubiri mbili, umejaa vijitunda. Mama aliomba kimoja kilichoanguka, akakileta nyumbani kimefungwa kwenye leso. Tulikionja. Maji matupu!

“Huyu ana kimo kizuri,” Mama alisema, “lakini hana roho.”

Hata hivyo mbegu hakuzitupa. Mwezi huo huo dada yake, aliyekuwa akivuka mpaka kuuza mawese, alimletea mbegu kavu za nyanya ya kwao, zimefungwa kwenye pindo la kitenge. Hiyo ilikuwa nyanya ndefu kuliko mimi, yenye utamu wa kukufanya ulambe kisu. Mama akaamua kuwaoza hawa wawili: kimo cha mmoja, roho ya mwingine.

Harusi ilifanyika alfajiri kabla hajaenda kazini. Alifungua kwa kibano cha nyusi ua ambalo halijachanua, akang'oa vijiti vya njano vya ndani, kisha akachukua vumbi la ua la mmea mwingine kwenye ukucha wa dole gumba na kuligusisha pale katikati. Mimi nilishika kopo. “Usipumue,” aliniambia, nami nikabana pumzi mpaka masikio yakaunguruma. Tunda lilipotunga alilifunga uzi mwekundu kwenye kikonyo. Uzi mwekundu kwetu ulikuwa na maana moja: hiyo ni mbegu, haiguswi.

Watoto wa ndoa ile walitoka warefu wote. Jirani yetu Mama Salha alikuja kuwatazama, akacheka akishikilia ukuta. Familia yake ilikuwa ya Waarabu waliokaa Buyenzi tangu enzi za mababu, na makopo yetu yalitoka kwenye duka la mumewe, kwa hiyo alijiona ana haki ya kusema.

“Wallahi Mama Furaha, harusi yako imezaa twiga!”

“Ngoja,” Mama alimjibu. “Ufupi umejificha. Utatokea kwa wajukuu.”

Ulitokea kweli. Kati ya miche kumi na sita ya wajukuu, minne ilikuwa mifupi, shina nene, majani ya kijani cheusi yaliyokunjamana kama uso wa mtu aliyeuma limau. Lakini ladha zao, mmoja chachu, mwingine maji. Mama alichagua waliokuwa afadhali, akapanda vitukuu. Na katika vitukuu, baada ya karibu miaka miwili, ukapatikana mmea mmoja tu. Mama aliuma nusu ya tunda la kwanza, nusu akanipa, kisha akageuza uso ukutani. “Ni ya kwetu,” alisema. Kwa furaha tulilila lote na mbegu zake.

Zikabaki sita mtini. Akazifunga uzi mwekundu moja moja. Wiki ile ile mvua ikaja na ugonjwa, majani yakaanza kuwa meusi kutoka chini, na Mama akaniambia wazi kwamba mmea unakufa, na kwamba kazi yote ya miaka miwili imebaki ndani ya zile nyanya sita. Nilijua. Msije mkanitetea kwamba sikujua.

Ilikuwa mwezi wa Ramadhani. Sisi ni Wakristo, lakini katika mwezi huo Mama Salha hakutusahau hata jioni moja, na siku hiyo kabla ya magharibi alimtuma binti yake Salha na sahani ya sambusa. Salha alikuwa rika langu na mdomo wake haukuwa na breki. Makopo yetu aliyaita bustani ya wanasesere.

“Mama anataka sahani sasa hivi,” alisema, “iko nyumba ingine ya kupelekea.”

Basi, hapo ndipo penyewe. Sijui kwenu, lakini kwetu Buyenzi sahani ya jirani hairudi tupu. Unaweza kuweka embe moja, vitumbua viwili, hata sukari kidogo, lakini tupu hairudi, na Mama alikuwa amenifundisha hivyo kabla hajanifundisha kusoma. Mama hakuwa amerudi kutoka Kinindo. Nilifungua kabati nikakuta chumvi na unga wa muhogo. Salha amesimama mlangoni, anayatazama makopo, anatabasamu lile tabasamu lake. Ningesema ni adabu iliyonituma, lakini nusu ilikuwa hasira. Nilitaka ale, anyamaze. Nikachuma zote sita, nikavua nyuzi, nikazipanga sahanini.

Mama aliporudi alikwenda ukutani kabla hata ya kuweka mkoba chini.

“Furaha. Nyanya ya uzi iko wapi?”

“Nimepeleka kwa Mama Salha. Sahani ingerudi bule, Mama.”

Nilingoja kofi. Kofi lingekuwa nafuu. Aliketi kizingitini, akavua viatu polepole, akaviweka sawa.

“Kwa sahani umefanya muzuri,” alisema. “Kwa uzi umefanya mubaya.”

Halafu akaingia ndani kuwasha mkaa, na niliona mgongo wake umelegea. Sijawahi kuona aibu ya namna ile, wala sitaki kuiona tena. Nilitoka mbio bila ndala.

Kwa Mama Salha walikuwa wameshafuturu. Bakuli la kachumbari lilikuwa limebaki na vipande vitatu vya kitunguu na maji ya limau. Nilisimama pale nikalia kwa sauti, mpaka Mama Salha akanishika mabega.

“Yarabi, mutoto, ni nini? Tumekosa nini?”

Nilipomweleza, alijipiga paja. Kisha akakumbuka beseni lake. Mumewe alikuwa na tumbo bovu, mbegu za nyanya zilimsumbua, kwa hiyo kila siku Mama Salha alizikamua nyanya kwanza ndani ya beseni ndipo akazikata. Maji ya beseni aliyamwaga nyuma ya bafu, kwenye tope la mfereji, pamoja na mbegu za nyanya zingine za sokoni.

“Mbegu yako iko kule,” alisema, “lakini iko na wenzake mingi. Mutaka cha mvunguni sharti ainame.”

Nikainama. Asubuhi kabla ya shule na jioni baada ya shule, siku tatu, nilichota tope lile kwa kichungio chetu cha chai, ambacho hakikurudi tena kwenye chai. Harufu sitawaelezea. Nilijaza beseni mbili na ndoo iliyopasuka. Siku ya pili Salha alikuja amebeba kichungio cha kwao, akainama upande wa pili wa mfereji bila kusema neno, na kwa Salha kukaa bila neno kulikuwa sadaka kubwa. Mama alitukuta hivyo. Alitutazama, kisha akakunja kitenge chake magotini.

“Muchote yote, musichague,” alisema. “Mbegu ya nyanya haiuwawe na uchafu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.”

Baada ya wiki zikaota, na mtihani ukawa mpya, maana zilikuwa nyingi kama umati wa sokoni, na zote zilifanana. Nilizinyeshea kwa kikombe. Nilimfukuza kuku wa jirani mpaka akanijua. Kila asubuhi niliweka uso karibu kabisa na miche ile na kuitazama mmoja mmoja, kwa sababu nilijua ninachokitafuta: uso wa limau. Wiki ya tatu nikauona. Ulikuwa umejikunyata katikati ya mirefu, shina nene, jani jeusi lenye mikunjo. Nilipiga ukelele uliowatoa watu wa nyumba zote nne. Mpaka mwisho wa wiki tulikuwa tumepata mitano.

Matunda yalipoiva Mama alikata la kwanza vipande vinne, akatoa mbegu zote akaziweka kwenye glasi, ndipo akatupa kila mmoja chake: Mama Salha, Salha, mimi, na yeye. Alifumba macho.

“Ni yenyewe,” alisema, na toka siku hiyo tukaiita nyanya ya sahani.

Nilidhani hadithi imeishia hapo, nikaibeba hivyo kwa miaka. Nilikuwa na miaka kumi na minne asubuhi ile mtaa ulipochafuka kwa vurugu na ikabidi tuondoke kabla ya saa nne. Magodoro tuliyaacha. Kabati tuliliacha. Mama aliweka nguo kwenye kitenge akakifunga mgongoni, kisha akaenda ukutani, akashika makopo mawili kwa mikono yao ya waya, akanigeukia.

“Chukua yako.”

Nikachukua mawili. Tulitembea mpaka mtaa wa Carama kwa rafiki yake, nyanya zikiwa zimeiva, waya ukinikata vidole, na hakuna hata moja iliyodondoka. Njiani nilimwona Mama akiyatazama makopo yale mara kwa mara, na uso wake haukuwa wa mtu anayekimbia. Ndipo nilipokumbuka lile shamba la ng'ambo ya Ruzizi, lililoachwa jekundu. Miaka yote nilidhani anatafuta nyanya ndogo kwa sababu uwanja ulikuwa mdogo. Kumbe alikuwa anatafuta shamba ambalo hataliacha tena.

Sasa nakaa Mutanga Sud, ghorofa ya pili, na hapa sijahama kwa miaka mingi. Jana, baada ya kuvunja lile tawi, nilishuka kwa Salha, ndiyo, Salha yule yule, sasa ni jirani yangu na mdomo bado hauna breki, nikamrudishia sahani yake ikiwa na nyanya tisa. Niliporudi nilikaa na binti yangu tukatoboa makopo mapya. Aliniona nachukua waya, na hadithi ya safari ya Carama anaijua, akaacha kazi.

“Mama, tunahama?”

“Apana,” nikamwambia. “Funga mukono.”