Nusu Mbili za Karatasi ya Mangapwani

Ombi lilifika Jumanne asubuhi, likiwa na jina la Haroub Mcha Haji wa Bububu. Alitaka nakala yenye muhuri ya ukurasa mmoja wa daftari la mudir wa Mangapwani, mwaka 1951. Nadra, msimamizi wa kitengo, aliiweka karatasi mezani kwa Bi Salhiya na kugeuka kuondoka.

"Uangalie kabla hatujaupiga picha," alisema. "Usije ukatukatikia."

Bi Salhiya alikuwa na miaka hamsini na tisa. Kwa miaka thelathini na sita kazi yake ilikuwa kuunga karatasi. Nyaraka za serikali za zamani zilimjia zikiwa zimeliwa na mchwa, zimelowa au zimepasuka mikunjo, naye akazibandika karatasi laini ya Kijapani kwa gundi ya unga wa ngano iliyotiwa mrututu ili wadudu wasiisogelee. Zamani walikuwa watu wanne katika chumba kile. Wawili walistaafu, mmoja alifariki. Meza zao zilibaki, na yeye aliendelea kuzifuta vumbi kila Alkhamisi pamoja na yake.

Wapenda historia huulizia zaidi barua za masultani na mabalozi. Bi Salhiya alipenda madaftari ya mamudir, wale maofisa waliosimamia maeneo ya mashamba, kwa sababu waliandika mambo ya siku: mvua ya vuli imechelewa, fulani ameomba ruhusa ya kupiga ngoma, mnazi umeangukia nyumba ya mjane. Aliwajua watu wa Unguja ya mwaka 1951 kuliko alivyowajua jirani zake wa Michenzani, ambako alikaa peke yake ghorofa ya nne na kusalimiana na watu kwenye ngazi.

Aliuvuta ukurasa kutoka bahashani. Aliukumbuka mara moja. Ulikuwa miongoni mwa kazi zake za mwanzo, mwaka 1989, ulipokuja na shehena ya makaratasi ya ofisi kadhaa za mamudir yaliyokuwa yameshalowa na kuchanganyika huko yalikotoka. Ulikuwa umekatika katikati, naye ndiye aliyeunganisha nusu mbili. Mwalimu wake aliisifu kazi ile.

Nusu ya juu ilisema: *14 Agosti. Mtoto mchanga wa kiume ameonekana alfajiri ndani ya kibanda cha mbata, Mangapwani. Ana afya. Sheha amemleta ofisini, na*

Nusu ya chini ikaendelea: *amekabidhiwa Mcha Haji wa Kajengwa, Makunduchi, aliyeleta mashahidi wawili kwamba ni wake.*

Akaulaza juu ya meza ya kioo na kuwasha taa ya chini.

Mwanga ulipopita ndani ya karatasi, kitu kilimkaa vibaya machoni. Mistari ya juu ilikuwa imepauka kuelekea rangi ya kutu. Ya chini ilibaki na ubuluu. Msichana wa miaka ishirini na tatu, kama alivyokuwa yeye wakati ule, angeweza kusema ni maji, nusu moja imelowa zaidi. Lakini nyuzi za karatasi ya juu zilikwenda wima, na za chini zilikwenda ulalo. Karatasi moja haiwezi kuwa na nyuzi za namna mbili.

Alizima taa, akakaa. Kisha akaenda kabatini akateremsha kasha la vipande visivyojulikana vilikotoka, ambavyo wao chumbani waliviita mayatima. Vilikuwa mia nne na kitu. Ilimchukua siku ile na siku ya pili.

Alipata vipande viwili. Cha kwanza kilikuwa nusu ya chini, wino wa kutu, nyuzi wima: *amepelekwa hospitali mjini kwa gari la posta. Pametangazwa misikiti mitatu. Hadi leo hakuna aliyejitokeza kumdai.* Cha pili kilikuwa nusu ya juu, wino wa buluu: *Ndama dume mwekundu ameonekana Muyuni, amekula mihogo ya watu siku tisa. Sheha amemleta ofisini, na*

Mcha Haji wa Makunduchi alikuwa amekwenda kuchukua ndama wake.

Nadra alivisoma vipande vyote vinne bila kukaa. Kwanza alicheka, akajiziba mdomo.

"Huyu mzee anaitaka ya nini?"

"Sijui."

"Bi Salhiya, umebakisha miezi mitano ustaafu. Ukiandika ripoti, ntaipokea. Usipoandika, mimi leo sikuingia chumba hiki."

"Umeingia, mwanangu."

Haroub alikuja Jumatatu kufuata nakala yake. Alikuwa seremala mstaafu wa miaka sabini na tatu, kanzu imepigwa pasi, vidole viwili vya mkono wa kushoto vifupi kuliko vyengine. Bi Salhiya alimwamkia, akamkaribisha kwenye moja ya meza zisizo na mtu, na kumuuliza nakala ni ya kazi gani.

"Ya kaburi," alisema Haroub.

Akaeleza. Alilelewa Bububu na mtumishi wa hospitali ambaye, kabla ya kufa, alimwambia kwamba aliokotwa Mangapwani. Mwaka 1996 akaja kwenye nyaraka, akaonyeshwa ukurasa. Akaunakili kwa mkono, akaenda nao Makunduchi. Mcha Haji alikuwa ameshafariki, lakini mjane wake, Bi Mwamvua, aliusoma, akamtazama, akamwambia: "Pita ndani, baba yako alikuwa na mengi." Tangu siku ile akawa na ndugu. Sasa mkewe amekufa, watoto hawakujaaliwa, na moyo wake haufanyi kazi vizuri. Alitaka akifa azikwe Makunduchi, kwenye makaburi ya ukoo. Lakini kuna kijana, Abrahman, mjukuu wa Bi Mwamvua, anasema makaburi yamejaa na mgeni hana haki pale. Anataka ushahidi wa serikali.

"Ndiyo nnataka muhuri," alisema Haroub. "Akishauona, atanyamaza."

Bi Salhiya akamwekea vipande mbele yake. Hakujua njia nyengine ya kulisema. Alimwonyesha wino, akamwonyesha nyuzi, akamwambia kosa ni lake yeye, hakuna mwengine. Haroub alisoma kipande cha ndama mara mbili. Kile cha misikiti mitatu alikisoma mara moja tu, akakisukuma.

"Nani mwengine anajua?"

"Mkuu wangu."

"Basi virudishe kwenye kasha. Vimekaa humo miaka yote hiyo havikumdhuru mtu."

"Siwezi kuupiga muhuri, Mzee Haroub. Nnajua si kweli."

"Huwezi au hutaki? Wewe ndiye uliyenipa watu. Mimi sikukuomba. Umenipa kwa gundi yako, na leo unataka kuwabandua."

Haroub aliinuka, akafika mlangoni, akashika mwimo.

"Basi Ijumaa njoo Makunduchi ukawambie wewe mwenyewe," alisema. "Mimi ulimi wangu hautolitamka."

Ijumaa baada ya sala ya alasiri, Bi Salhiya alikuwa amekaa ukumbini kwenye nyumba ya marehemu Bi Mwamvua, bahasha mapajani. Haroub alikaa karibu na mlango, kama mtu aliyekuja kuuliza njia. Abrahman alisimama. Bi Shemsa, binti mkubwa wa Bi Mwamvua, mwanamke wa miaka themanini kasoro, alikuwa kwenye mkeka, akichambua mchele kwenye ungo. Hakuacha kuchambua mgeni alipoanza kusema.

Bi Salhiya alisema yote. Aliwasomea nusu zote nne, moja baada ya moja.

"Ndama!" Abrahman alipiga makofi. "Ewe Mola! Babu kaenda kuchukua ndama, sisi tumeletewa ami!"

"Punguza sauti," alisema Bi Shemsa.

"Shangazi, si umesikia mwenyewe? Serikali ndiyo inasema. Miaka yote hii tunamwita Ami Haroub, tunampa mkono wa Idi—"

"Mwekundu," alisema Bi Shemsa. "Ana doa jeupe hapa." Akagusa paji la uso. "Alinipiga teke, nna miaka sita, nkalala siku mbili. Tulimla harusini kwa jirani Mwanaidi. Wewe unanihadithia ndama wangu mimi?"

Haroub akainua uso.

"Mlijua?" aliuliza. "Bi Shemsa, mlijua?"

"Mama alijua siku ile ile uliyokuja. Mumewe kapotelewa na ndama, hakupotelewa na mtoto. Mwanamke hajui ya nyumbani kwake? Ulipoondoka tukamuuliza, akasema: mtu kaja na karatasi anatafuta watu, mkimrudisha mtamrudisha wapi? Msimwambie mtu." Akapeta mchele, makapi yakaruka. "Hatukumwambia mtu."

"Lakini ukoo ni ukoo," alisema Abrahman, sauti imeshuka. "Si mimi nnayesema. Ni sheria."

"Abrahman. Siku tuliyomzika bibi yako, wewe ulikuwa wapi?"

"Dar es Salaam, shangazi. Nilikuwa masomoni."

"Na nduguyo Bakar?"

"Pemba."

"Nani alishuka kaburini kumpokea?"

Abrahman alitazama chini. Mwanamke akizikwa, wanaoshuka shimoni kumpokea na kumlaza ni wanaume wake wa karibu. Kijiji kizima husimama juu na kuona ni nani.

"Mvua ilikuwa inanyesha, maji yanaingia," alisema Bi Shemsa. "Mama aliacha wasia, Haroub atangulie. Akashuka yeye. Alipotoka, ana udongo mpaka kwenye kofia. Hakuna aliyemuomba karatasi. Sasa wewe, usiyekuwepo, unaitaka ya nini?"

Abrahman alikwenda akakaa upande wa Haroub, si karibu sana, akamuuliza kama ameshapewa chai. Haroub alikuwa analia bila sauti, na kwa sababu hakuwa na leso, alijifuta kwa mkono wa kanzu.

Kulikuwa na wali na samaki wa kupaka. Watu waliingia, habari ya ndama ikasimuliwa upya mara tatu, kila mara siku zake za kula mihogo zikiongezeka. Bi Salhiya alikula kidogo. Hakuna aliyemlaumu. Hakuna pia aliyehitaji kitu chengine kutoka kwake. Haroub alimshukuru wakati wa kuagana, lakini alimshukuru kwa mbali, kama mtu anavyomshukuru daktari aliyempasua.

Bi Shemsa ndiye aliyemsindikiza mpaka nje.

"Na wewe una watoto wangapi, bi?"

"Mmoja. Yupo Maskati."

"Wa kiume?"

"Wa kiume."

"Alhamdulillahi. Basi wa kukupokea unaye."

"Inshallah," alijibu Bi Salhiya.

Jumatatu aliyeyusha gundi yake ya mwaka 1989 kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu. Nusu mbili ziliachana taratibu, bila kuchanika. Aliziunga upya zote nne, kila moja na mwenzake, akaziweka chini ya uzito zikauke. Katika fomu ya ukarabati aliandika kwamba kosa la awali lilikuwa lake, akataja jina lake kamili, akaipeleka kwa Nadra, ambaye aliisoma na kutia saini. Ndama akaenda kwenye jalada la Makunduchi. Mtoto asiyedaiwa akabaki Mangapwani.

Saa saba mchana, mezani kwake, alimpigia simu mwanawe Haitham. Kulikuwa na kelele za gereji upande wa pili.

"Mama! Kheri?"

"Kheri. Nnataka kukuuliza. Kutoka huko mpaka hapa, mtu akipata habari asubuhi, anafika saa ngapi?"

"Inategemea ndege, mama. Si kila siku ipo. Kwa haraka sana, kesho yake usiku. Kwa nini, unaumwa?"

Maiti Unguja haisubiri kesho yake usiku. Aliyefariki asubuhi huwa ameshazikwa alasiri.

"Siumwi," alisema. "Nnauliza tu."

"Una hakika?"

"Nina hakika. Nenda kafanye kazi, baba."

Aliiweka simu kifudifudi, akavuta bahasha iliyofuata.