Hatua ya Nyasi

Mchezo ule wa kompyuta niliutengeneza mwenyewe, kila jioni baada ya kufunga kibanda changu cha kutengeneza simu mjini Sumbawanga. Niliishia darasa la saba. Kompyuta nilijifunza kwa kufungua zilizoharibika. Mwalimu wa historia wa shule ya jirani ndiye aliyeniomba kitu cha kuwafundishia wanafunzi kilimo cha zamani cha Ufipa, kwa sababu vitabu vyao havikukitaja.

Nilichagua ntumba, yale matuta ya mviringo ambayo wazee wetu waliyainua mvua zikikaribia kuisha. Unageuza udongo, unafukia nyasi ndani, unapanda maharage juu. Msimu unaofuata unayatawanya na kupanda ulezi. Sauti ya kumwelekeza mchezaji ilikuwa ya mama yangu, aliyelima hivyo kule Msanzi tangu usichana wake.

Nilipanga kazi kwa hatua nne: jembe, tuta, maharage, nyasi. Nyasi niliziweka mwisho nikidhani ni jambo dogo.

Nilipomwonyesha hatua ya kwanza kwenye simu, mama alicheka mpaka akashika kiuno.

"Huyu mtu wako analima kasimama wima hivi? Ni bwana shamba?"

"Nitamrekebisha, mama."

"Na mbona unaanza na jembe? Nyasi ndiyo mwanzo. Kuna za kufukia na kuna za kutupa. Ukifukia mbaya, ulezi hauoti. Twende huko nyuma nikutajie sasa hivi."

"Tutafika, mama. Nyasi ni hatua ya nne."

"Haya, fundi. Panga hatua zako."

Tulirekodi tatu. Kisha kifua kikaanza kumsumbua, na wiki niliyoiandika kwenye daftari kwa ajili ya nyasi ndiyo wiki tuliyomzika.

Shuleni wanafunzi waliupenda mchezo. Walimwiga mama, hata lafudhi yake ya Kifipa. Walipofika hatua ya nne, kompyuta ikawa kimya.

"Bibi kanyamaza."

"Imegoma hiyo. Bonyeza tena, mshikaji!"

Niliwaambia haijagoma.

Mwalimu alinishauri nitafute mtu mwingine wa kuzitaja nyasi hizo. Nilikwenda kwa mama mdogo, kisha kwa majirani waliolima naye. Walinipokea vizuri, wakanipa pole upya. Mama mdogo alizikumbuka nyasi mbili, na kuhusu ya pili hakuwa na hakika.

"Hizo tulikuwa tunamuuliza mama yako," alisema. "Sisi siku hizi tunanunua mbolea."

Basi nilikwenda peke yangu nyuma ya nyumba ya mama, pale alipotaka kunipeleka. Nilipiga picha ya kila aina ya nyasi niliyoiona, moja baada ya nyingine, kwa utaratibu, nikaziingiza kwenye hatua ya nne. Mwanafunzi anatazama picha, anachagua ya kufukia na ya kutupa. Chochote anachochagua, mchezo unakikubali. Mimi niliyeutengeneza sijui jibu.